Mstari Ubavuni mwa Meli

Meli ya nafaka ikifunga gatini Kilindini au Dar es Salaam, tazama pale omo yake inapokutana na maji. Utaona tarakimu za rangi nyeupe zimepandana moja juu ya nyingine. Ziko omo, ziko katikati, ziko tezi, na pande zote mbili za meli. Wengi huzidhania nambari za usajili. Kumbe ni vipimo vya mzamo: zinasema ni mita ngapi za meli ziko chini ya maji saa hiyo.

Kabla punje ya kwanza haijashuka, mkaguzi hupanda mashua akaizunguka meli, akasoma tarakimu katika sehemu zote sita. Huchota maji ya bandari akayapima uzito, kwa maana maji ya bandari moja si sawa na ya nyingine. Kisha hupanda ofisini kwa msaidizi wa nahodha, wakafungua majedwali ya meli na kuanza hesabu. Ngano ikishateremshwa yote, kazi hurudiwa upya. Tofauti ya vipimo viwili, baada ya kuondoa mafuta yaliyotumika na maji yaliyoingizwa au kutolewa matangini, ndiyo uzito wa ngano iliyoshuka. Makumi ya maelfu ya tani hujulikana kwa njia hii bila gari moja kupanda juu ya mizani. Meli yenyewe ndiyo mizani.

Kanuni inayowezesha jambo hilo ilielezwa na Archimedes wa mji wa Syracuse katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Chombo kinachoelea huondoa mahali pake maji yenye uzito sawa na uzito wa chombo chote. Meli ambayo chuma chake, shehena, mafuta na mabaharia vikijumlishwa ni tani 40,000 hukaa mahali pa tani 40,000 za maji. Ipakie tani moja zaidi, nayo itashuka mpaka iondoe tani moja zaidi ya maji. Kipande cha chuma huzama kwa sababu hakiwezi kuondoa maji ya kutosha. Chuma hicho hicho kikifuliwa kuwa bamba na kukunjwa kuzunguka hewa, huelea na kubeba.

Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika imeionja kanuni hii pande zote mbili. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipande, wakaisafirisha kwa masanduku hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata, walipoona Kigoma inawaponyoka, waliipaka mitambo grisi, wakaijaza mchanga na kuizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya.

Chumvi nayo ina lake. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi. Ya maji baridi ya mto au ziwa ni kilo 1,000. Kwa hiyo meli ikitoka baharini na kuingia mtoni huzama zaidi ijapokuwa hakuna aliyeongeza hata sanduku la biskuti. Tofauti ni ndogo, lakini katika kazi ya meli tofauti ndogo ndizo zinazolipwa na ndizo zinazoua. Maneno mengi ya taaluma hii, yale yanayomchosha mwanafunzi siku ya kwanza, hurudi kwenye swali moja: uzito uliomo ni kiasi gani, na nani ana mamlaka ya kusema basi.

Kwa karne nyingi aliyesema basi alikuwa mwenye meli. Katika Uingereza ya karne ya 19 wako wenye meli waliokuwa wakichukua meli chakavu, wakaijaza makaa ya mawe mpaka maji yakaribie sitaha, wakaikatia bima nono na kuituma baharini katikati ya majira ya baridi. Ikifika, faida. Ikizama, bima hulipa. Mabaharia waliziita meli hizo majeneza. Na aliyekwisha kutia saini mkataba, kisha akaiona meli na kukataa kuipanda, sheria ilimpeleka jela.

Samuel Plimsoll hakuwa baharia. Alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe aliyeingia bungeni mwaka 1868 kuwakilisha Derby. Wazo la kuchora mstari ubavuni mwa meli hakulizua yeye. Mwenye meli mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, James Hall, alikuwa akilipigania kabla yake. Plimsoll alilitia moto. Mwaka 1873 alichapa kitabu, Our Seamen, kilichowaeleza watu wa nchi kavu mambo waliyoyajua mabaharia peke yao. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Julai 1875, Waziri Mkuu Disraeli alipotangaza kwamba muswada wa meli umewekwa kando, Plimsoll alipandwa na hasira bungeni, akawaita baadhi ya wenzake waovu, akawatikisia ngumi na kukataa kuketi. Wiki moja baadaye aliomba radhi kwa lugha aliyoitumia. Kufikia hapo nchi nzima ilikuwa imemsikia, na sheria ilipitishwa mwaka 1876.

Sheria ile ilikuwa na tundu la kupitisha meli nzima. Ililazimisha mstari uchorwe, lakini pa kuuchora ikamwachia mwenye meli achague. Husimuliwa hadi leo kisa cha mmoja aliyeuchora kwenye dohani. Ilichukua miaka 14, hadi 1890, ndipo serikali ikapewa kazi ya kuamua mstari ukae wapi. Vitabu vingi huishia kwenye ile ngumi ya bungeni, kwa kuwa ndiyo inayosimulika. Mimi naona kazi kubwa zaidi ilifanyika katika miaka hiyo 14, watu wasiojulikana walipokaa na karatasi wakikokotoa meli ya umbo hili na urefu huu ibakize ubavu kiasi gani juu ya maji. Mwaka 1906 meli za kigeni zilizoingia bandari za Uingereza nazo zikabanwa. Mwaka 1930 ukatiwa saini mkataba wa mataifa, na unaotumika leo ni wa mwaka 1966.

Alama yenyewe ni rahisi kuitambua. Ni duara lenye kipenyo cha milimita 300, limekatwa katikati na mstari wa milimita 450. Herufi mbili pembeni hutaja taasisi iliyoikagua meli: LR ni Lloyd's Register, BV ni Bureau Veritas, NK ni Nippon Kaiji Kyokai ya Japani. Kando ya duara kuna mistari mifupi, kila mmoja na herufi yake. S ni bahari wakati wa kiangazi, W wakati wa baridi, T ni bahari ya tropiki, F ni maji baridi yasiyo na chumvi, TF ni maji hayo katika tropiki. Wa chini kabisa, WNA, ni wa Atlantiki ya kaskazini majira ya baridi, na huwekwa kwa meli zisizozidi mita 100, kwa kuwa mawimbi ya huko hayana huruma kwa chombo kidogo.

Bahari yetu ni ya tropiki, kwa hiyo meli inayopakia Tanga au Mombasa huruhusiwa kuzama hadi T, ambayo iko juu ya S kwa sehemu moja ya 48 ya mzamo wa kiangazi. Meli yenye mzamo wa mita 12 hupata sentimita 25 za nyongeza. Usizidharau. Meli ya nafaka yenye urefu wa mita 225 huhitaji tani 60 hadi 70 ili ishuke sentimita moja tu, kwa hiyo sentimita 25 ni tani 1,500 au zaidi za shehena, na shehena hiyo ina nauli. Ila nahodha anayekwenda kaskazini lazima apige hesabu mapema: atakapovuka mpaka wa ukanda wa baridi awe amechoma mafuta ya kutosha, meli iwe imepanda, mstari wa ukanda huo uonekane juu ya maji.

Mstari huamua meli ibebe kiasi gani. Bandari huamua kama itaingia. Magati ya Lamu, la kwanza likifunguliwa Mei 2021, yalichimbwa hadi kina cha mita 17.5, kwa matumaini ya kuvuta meli ambazo bandari nyingine za pwani hii haziwezi kuzipokea zikiwa zimejaa. Bamvua nayo husaidia, maana maji yakijaa pwani yetu hupanda mita tatu na zaidi, na meli nzito hungoja nje saa hiyo ifike, ndipo rubani apande na kuiingiza. Meli ya Ever Given, yenye urefu wa karibu mita 400, ilipokwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021, matagi na mashine za kuchimba zilihangaika siku sita. Iliyomalizia kazi tarehe 29 ilikuwa bamvua ya mwezi mpevu.

Kule Panama mambo ni kinyume. Mfereji wa Panama hupitisha meli juu ya Ziwa Gatún, maji ya mvua, yasiyo na chumvi. Mwaka 2023 mvua ilipokosekana, ziwa lilishuka, na wenye mfereji wakapunguza mzamo unaoruhusiwa kwa meli kubwa kutoka mita 15.24 hadi mita 13.41. Meli zilezile zilizozoea njia ile zililazimika kuacha nyuma mamia ya kontena, au kuzishusha upande mmoja zikavuka nchi kwa reli na kupakiwa tena upande wa pili. Ukame wa Amerika ya Kati ukapandisha nauli za watu ambao hawajawahi kuisikia Gatún.

Hapa inafaa tupite haraka kwenye tani, maana magazeti huzichanganya. Mwandishi husema "meli ya tani 50,000" akaishia hapo, msomaji asijue ni tani za nini. Kuna uzito wa maji inayoyaondoa meli, ambao ni uzito wa meli na vyote vilivyomo. Kuna uwezo wa kubeba, yaani shehena, mafuta, maji, chakula na watu, bila meli yenyewe. Halafu kuna tani za usajili, ambazo si uzito kabisa: ni kipimo cha ukubwa wa nafasi iliyofungwa ndani ya meli, kwa kanuni ya mkataba wa mwaka 1969, na hutumika kukokotoa ada na kupanga sheria gani zinaihusu meli. Meli ya kubeba magari ina tani nyingi za usajili na uwezo mdogo wa kubeba, kwa kuwa ni ghorofa za hewa zenye magari ndani. Meli ya kubeba madini ni kinyume chake. Ukisikia tani, uliza zipi.

Kujua uzito ni kiasi gani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua umekaa wapi.

Mabaharia wa jahazi walilijua hilo bila majedwali. Chombo kisicho na shehena hakitwekwi tanga kikiwa kitupu. Hutiwa farumi kwanza, mawe au mchanga, chini kabisa juu ya mkuku, ili upepo ukilipiga tanga chombo kiweze kusimama. Shehena nzito hutangulia chini, nyepesi hufuata juu. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, aliwaona wakishuka na kaskazi hadi Zanzibar, kisha wakaingia mikono ya Rufiji kukata na kupakia boriti za mikoko za kujengea nyumba za Ghuba, na kupanda tena na kusi. Boriti mbichi za mkoko zina uzito karibu sawa na maji yenyewe au kuzidi. Zikilazwa tumboni huwa shehena na farumi kwa wakati mmoja, na hakuna nafasi inayokwenda bure kwa mawe. Meli za leo farumi yake ni maji ya bahari, yanayopigwa pampu kuingia na kutoka matangini. Maji hayo huchukuliwa bandari moja na kumwagwa nyingine pamoja na viumbe vyake, na ndiyo maana tangu mwaka 2017 unatumika mkataba unaotaka yasafishwe kwanza.

Mambo mawili hushindana ndani ya kila chombo. Uzito wote huvuta chini kana kwamba umekusanyika katika nukta moja. Maji nayo husukuma juu kupitia katikati ya sehemu iliyozama. Meli ikilala upande, umbo la sehemu iliyozama hubadilika, na nguvu ya maji husogea kwenye upande uliolala na kuisukuma isimame. Lakini kama uzito umepandishwa mno, nao huegemea upande uleule, na ukiishinda nguvu ya maji hakuna kurudi. Kuweka uzito chini kupita kiasi pia si dawa: meli husimama kwa kishindo, ikayumba haraka haraka, kamba za shehena zikakatika na mabaharia wakavunjika viungo. Nahodha hutafuta chombo kinachorudi kwa utulivu.

Mfano maarufu wa kukosea ni Vasa, meli ya kivita ya mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi. Ilipokuwa bado gatini, mabaharia 30 waliamriwa kukimbia pamoja kutoka ubavu mmoja wa sitaha hadi mwingine. Baada ya kukimbia mara tatu, amiri alisimamisha jaribio, kwa hofu kwamba ingepinduka palepale. Hata hivyo mfalme alikuwa vitani akiidai meli yake, na hakuna aliyethubutu kumwandikia. Tarehe 10 Agosti 1628 iling'oa nanga Stockholm, ikasafiri mita 1,300 hivi, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama watu wakiitazama. Iliinuliwa mwaka 1961, na leo iko katika jumba la makumbusho mjini humo. Ninachokiona mimi pale ni lile jaribio. Walipima, wakapata jibu, wakaondoka nalo.

Ubaya wa mwisho ni uzito usiotulia. Jaza sinia maji ya vidole viwili, ulibebe chumbani, utaelewa: ukiinama kidogo maji yote hukimbilia upande mmoja na kuzidisha kosa lako. Ndiyo sababu matangi ya meli ya mafuta hugawanywa kwa viambaza, na nafaka husawazishwa na kujazwa vyema isipate nafasi ya kuteleza. Sitaha ya magari katika feri haina viambaza, kwa kuwa magari lazima yapite. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, lango la omo likiwa wazi. Maji yaliingia sitaha ya magari, yakakimbilia upande mmoja, na kwa dakika chache feri ikalala. Watu 193 walikufa karibu kabisa na bandari.

Mpaka katikati ya karne iliyopita, aliyepakia meli aliiona shehena yake. Makuli walibeba magunia, mapipa, marobota na visanduku kimoja kimoja, na msimamizi alijua kipi kizito kwa kuwatazama migongo. Kazi ilikuwa ghali na ya polepole. Meli ilikaa gatini siku nyingi sawa na zile ilizokaa baharini. Malcom McLean, Mmarekani mwenye malori, alichoka na foleni. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake, Ideal X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya chuma yaliyonyanyuliwa kutoka kwenye malori yakiwa na bidhaa zake ndani. Hesabu inayonukuliwa sana ni kwamba kupakia tani moja ya shehena huria kuligharimu dola 5.86 mwaka huo, na kwa masanduku yale haikufika senti 16. Zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya dunia, kwa wingi, hupita majini, na sehemu kubwa ya bidhaa zilizokamilika kiwandani sasa husafiri ndani ya kontena. Hata ukubwa wa meli na bandari hupimwa kwa kontena za futi 20.

Makuli wa Mombasa na Dar es Salaam walijua bei ya mabadiliko hayo kwa kupoteza vibarua. Bei nyingine ilichelewa kuonekana. Kontena hufungwa kwa lakiri mbali na bahari, pengine nchi nyingine, na nahodha huambiwa tu kwamba lina tani 14. Hulipanga kwa kuamini karatasi. Januari 2007 meli ya MSC Napoli ilipasuka ubavu katika dhoruba kwenye Mlango wa Uingereza, ikavutwa hadi ufukwe wa Branscombe. Wachunguzi walipopima kontena 660 zilizokuwa juu ya sitaha, 137 zilitofautiana na karatasi zake kwa zaidi ya tani 3. Zilizodanganya nyingi zilipunguza uzito. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kwa sheria ya kimataifa ya usalama wa maisha baharini, kontena lisilo na uzito uliothibitishwa halipakiwi melini. Yaani ilipita miaka 60 tangu Ideal X ndipo dunia ilipokubali kupima masanduku yake.

Karatasi hizo, hata hivyo, ni nguzo ya biashara nzima. Yeyote aliyeagiza gari kutoka Japani amekutana nazo. Bei ya FOB humaanisha muuzaji amelifikisha gari melini, na baada ya hapo nauli na bima ni juu yako. CIF humaanisha nauli na bima hadi Dar es Salaam au Mombasa zimo ndani ya bei, ingawa ushuru, ada za bandari na malipo ya wakala wa forodha havimo, na hapo ndipo wengi hushtuka. Hati ya shehena, inayotolewa na mwenye meli, ina kazi tatu: ni risiti kwamba mzigo umepokelewa, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na ni hati ya umiliki, kwamba aliyenayo ile halisi ndiye mwenye mzigo. Kwa hiyo mzigo unaweza kuuzwa mara mbili ukiwa bado katikati ya bahari, karatasi ikibadilisha mikono bila kontena kusogea. Soma hati ya kontena kwa makini utaona maneno ya tahadhari: ndani "inasemekana" mna vitu kadhaa. Mwenye meli hakufungua. Yeye pia amesadiki.

Kuna sheria moja ya kale ambayo huwashangaza waagizaji. Katika sheria za Kirumi zilizokusanywa na Justinian mwaka 533 imenukuliwa sheria ya kisiwa cha Rhodes kuhusu kutosa: mzigo wa mtu ukitoswa baharini ili kuipunguzia meli uzito na kuwaokoa wote, hasara huchangiwa na wote waliookoka na mali zao. Huitwa hasara ya pamoja, na bado iko hai. Baada ya Ever Given kunasuliwa, wenye meli waliitangaza, na wenye kontena zilizomo, ambao bidhaa zao hazikuguswa na maji, walitakiwa kutoa dhamana ya kuchangia gharama kabla ya kupewa mali yao. Meli yenyewe ilizuiliwa Misri hadi tarehe 7 Julai. Aliyeagiza bila bima aliitambua maana ya maneno hayo mwaka huo.

Shehena ngumu kuliko zote sijaigusa bado. Ni ile inayotembea, inayohama ubavu kwenda ubavu bila kuamriwa, inayopanda na mzigo ambao haukupimwa, na inayobeba mtoto mgongoni ambaye hakukatiwa tiketi. Wahandisi wanalijua hilo. Katika kanuni za kimataifa za uthabiti wa meli, abiria mmoja huhesabiwa si chini ya kilo 75, kisha hudhaniwa jambo baya zaidi: kwamba wote wamesongamana upande mmoja, watu wanne katika kila mita ya mraba. Hata hivyo meli isilale zaidi ya nyuzi 10. Hesabu ya namna hiyo hufanywa kwa idadi iliyoandikwa kwenye cheti. Anayepanda baada ya idadi hiyo hayumo ndani yake.

MV Bukoba ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Ilipopinduka karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na mpaka leo idadi ya waliokufa, ambao ni mamia, hutajwa kwa kukadiria. MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, ubishi wa mwanzo ulikuwa uleule: walikuwamo wangapi?

Kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikienda kati ya Bugorora na kisiwa cha Ukara, kiliruhusiwa kubeba watu 101 na tani 25 za mizigo. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa kufika Ukara. Ilipatikana miili 228. Waliookolewa walikuwa 41, mmoja wao fundi aliyetolewa hai baada ya siku mbili kutoka ndani ya kivuko kilichopinduka. Ni rahisi kusema abiria walijipakia wenyewe. Lakini watu wa Ukara walikuwa na kivuko hicho tu, na aliyeachwa gatini siku ya gulio hakuwa na kingine cha kungoja. Kilichojengwa baadaye kwa ajili ya njia hiyo, MV Ukara II, kiliundwa kubeba abiria 300 na tani 100.